Kavira, Chagua Kaye Inayokubali Kuchafuka

Kavira mutoto wangu, mama yangu,

Salamu siwezi kukutumia kama barua inavyotaka, juu uko hapa hapa. Nasikia sauti yako kule jikoni, wewe na tantine Kahindo, dada yangu, munabishana kama samaki ya Kyavinyonge inaweza kufika Kampala bila kunukisha bisi nzima. Mimi nimejifungia chumbani, nimesema niko natafuta miwani. Miwani iko kwenye pua. Kesho asubuhi utapanda gari ya Kasindi, utavuka mpaka kwenda masomo yako ya Kampala, na nyumba hii itabaki na muzee mumoja na redio yake. Donc, basi, acha niandike sasa, jua bado liko, na courant ya umeme bado haijakatika.

Habari ya koti sitakuambia, wala ya kufunga mulango, wala ya vijana. Tantine amekwisha kuyasema yote, na yale ya vijana ameyasema kupita kiasi. Mimi nataka kujibu ulizo moja tu, lile uliniuliza juzi na mimi nikatoka nje, nikasema naenda kuangalia kuku.

Uliweka mashini yako, kompyuta ile, hapa kwenye meza, ukasema: "Papa, ona. Profesa amenipatia kazi mbele hata sijafika. Labo yote, maabara nzima, inaacha kaye za karatasi, daftari zile. Sasa kila mutu ataandika majaribio yake ndani ya kaye ya elektroniki, na ni mimi nitachagua ile tutatumia. Nimeangalia nyingi, nimebakisha tatu. Nikifika tu, anataka jibu."

Ukanionyesha moja moja. Ya kwanza ilikuwa nzuri ajabu: rangi, safu za hesabu zinajipanga zenyewe, na ukikosea unafuta, ukurasa unabaki safi kama kitambaa cha altare. Ya pili ilikuwa mbaya kwa macho. Kila unachoandika inakibandika tarehe na saa, na ukibadilisha neno, lile la kwanza linabaki pale pale, limekatwa mustari, na jina la aliyelikata liko pembeni. Wewe mwenyewe ulisema inafanana na karatasi za polisi. Ya tatu ni ya bure, inakaa ndani ya mashini ya labo yenyewe, mais lakini inaomba mutu anayejua kuitunza. Halafu ukasema: "Mimi napenda hii ya kwanza, papa. Ni safi. Weye ni mwalimu, mutu wa mukono muzuri. Ungechagua gani?"

Ndipo nikaenda kwa kuku. Hauna kosa, mama. Neno "safi" lilikutoka tu, kama linavyotoka kwa kila mutu. Mimi lilinipiga kofi.

Habari ya mama yako na mémoire yake unaijua. Tantine alikusimulia, nilijua siku ile ile, juu ulirudi kutoka kwake ukanisalimia kwa upole, kama mutu anayesalimia mugonjwa. Mais tantine anaisimulia na machozi, na mwisho anasema ni mapenzi ya Mungu. Mimi sioni Mungu aliingia wapi ndani ya jambo lile. Acha nikuambie namna lilivyokwenda, nililiona na macho yangu na nililifanya na mikono yangu.

Mama yako Masika alikuwa anamaliza masomo ya kilimo. Ulikuwa mudogo, unabebwa mugongoni. Mémoire, kitabu kile cha mwisho ambacho mwanafunzi anatetea mbele ya balimu, aliamua kuiandika juu ya maharagi ya Musienene. Ule wakati mizizi ilikuwa inaoza. Unaona shamba la kijani leo, juma linalofuata majani ni manjano, ukivuta mumea unakuja mukononi bila kupinga. Masika alizunguka kwa balimaji, akaomba kila mumoja amuachie mistari michache ndani ya shamba lake. Alipanda mbegu mbalimbali, na kila mara alikuwa anakwenda kung'oa, kuosha mizizi ndani ya beseni, kuangalia gani imeoza na gani inajikaza. Kipande kidogo alikileta hapa mujini, kwenye labo ya shule yao, yenye mikroskopi moja ambayo walikuwa wanaipokeana kwa zamu.

Alikuwa anaandika ndani ya kaye za batoto ya shule. Bik yoyote, saa ingine penseli. Ningekuonyesha zile kurasa, Kavira, kama zingekuwapo. Udongo, alama za vidole, uji wako umemwagikia hesabu. Kizungu pale, Kinande hapa. "Mbuzi ya jirani iliingia, mustari huu umeliwa." "Macho inauma, nitahesabu tena kesho." "Hapana, si mbegu ile, nimechanganya, angalia nyuma." Na namba mbili kando kando kwa mumea mumoja, zote mbili na alama ya kuuliza.

Mimi nilizitazama nikamuonea haya.

Nisikilize vizuri hapa, juu wewe ulisoma shule ile ile tuliyosoma sisi. Kila mutoto wa kwetu anajua brouillon, karatasi ile ya kuchafua, na anajua au propre, ile unayompa mwalimu. Brouillon ni kama nguo za ndani, hauzioneshe batu. Unaandika, unakata, unajaribu, halafu unaandika upya kwa mukono mutulivu, kichwa cha habari na bik nyekundu, mustari chini na rula, na brouillon unaitupa. Mimi nilichapwa juu ya doa la wino. Nikakua, nikawa mwalimu, nikachapa batoto ba batu juu ya doa la wino. Kulikuwa na kijana mumoja, alikuwa mwepesi sana kwa hesabu, mais kila mara alikata, akakata tena mbele ya kufika kwenye jibu. Nilimuondolea alama mwaka muzima juu ya kukata. Sijui alienda wapi. Namuwaza kila mara napita mbele ya ile shule.

Donc nilifanya kile nilichofundishwa kwamba ni mapendo. Nilinunua kaye kubwa ya jalada gumu, bik ya bluu na nyekundu, nikamwambia: "Masika, weye shughulika na shamba. Mimi nitakuandikia au propre."

Alicheka. Alisema: "Mwalimu, wacha. Hiyo ni uchafu ya kazi yangu, naijua njia ndani yake." Mais alikuwa amechoka, na wewe haukuwa unalala usiku, na mimi nilisisitiza. Akaniachia.

Nikaandika. Mama, nilikuwa na mukono! Sasa unaona mistari hii inavyotetemeka, ona hapa juu nimekata neno na nimeliacha hivyo. Ule wakati hata muandishi wa parokia alikuwa ananiita nimuandikie vyeti vya ndoa. Kila ukurasa wa mama yako ulitoka mikononi mwangu kama cheti cha ndoa. Nilipofika kwenye namba mbili kando kando, nilimuuliza: "Gani ni ya kweli?" Akajibu: "Sijui bado. Andika zote mbili." Nikaandika moja. Nilichagua ile iliyokaa vizuri na zingine. Mbuzi nikaitoa, nikawaza mbuzi haiingii kwenye sayansi. Macho yaliyouma nikayatoa pia. "Nimechanganya, angalia nyuma" nikaitoa, nikaweka mbegu ile niliyodhani ndiyo.

Hakuna aliyenituma niseme uongo. Sikuwaza hata siku moja kwamba ni uongo. Niliwaza ni kupiga pasi.

Nilipomaliza, nyumba ilikuwa na rundo la kaye chafu. Na unajua Butembo, hapa karatasi haitupwe. Pale kwenye kona alikuwa mama mumoja wa karanga, tulikuwa tunamuita mama Katungu. Nikamupelekea rundo lote afungie karanga zake. Alinishukuru sana, akamwaga karanga ndani ya mifuko yangu yote miwili. Kartie nzima, mutaa wote, ilikula karanga ndani ya jasho la mama yako, mimi wa kwanza.

Siku ya kutetea mémoire nilikaa nyuma ya sale, ndani ya ukumbi ule, wewe kwenye magoti yangu, nimekuvalisha kofia ya sufu. Kulikuwa na mwalimu mumoja aliyetoka mbali. Hakuwa mutu mubaya, nataka ulijue hilo. Alikuwa amesoma kazi ya mama yako mustari kwa mustari, kuliko wengine wote. Aliomba aone kaye ya shamba. Masika akamupelekea ile yangu ya jalada gumu.

Akaifungua, akaipindua pole pole. Akauliza: "Madame, hii iliandikwa shambani?"

Masika akasema: "Iliandikwa kufuata yale niliyoyaona shambani."

"Musienene haikunyesha mvula musimu ule?"

Batu bakacheka. Mimi pia nilitabasamu, mujinga mimi, nilidhani anasifu usafi.

"Bik ni moja, mukono ni mumoja," akasema. "Hakuna siku ulikosea? Hakuna siku mumea mumoja ulikataa kufanana na ndugu zake? Namba zako zinatii sana, madame. Niletee karatasi za kwanza, zile ulizoandika umesimama kwenye udongo. Nikiziona, nitakaa kimya."

Masika hakusema "bwana yangu ndiye alizinakili". Aligeuka tu, akanitafuta na macho kule nyuma, akanipata. Sikuwa nimemuambia nilizipeleka wapi. Na kwa uso wangu akajua hazipo.

Hawakumuita mwizi. Walisema alete karatasi, ao arudilie musimu. Mais Butembo ni muji wa biashara, habari inatembea na pikipiki. Mbele ya magaribi, batu balikuwa wanajua kwamba bibi ya mwalimu Kambale alitunga maharagi yake nyumbani.

Nilikimbia kwa mama Katungu na viatu vya sherehe. Alinipatia zilizobaki, kurasa chache, zingine zimekwisha kukunjwa kama pembe. Nikazileta nyumbani, nikaziweka mbele ya mama yako kama mutu anayeleta mugonjwa. Alikunjua moja, yenye mafuta ya karanga. Ilikuwa siku ya mbuzi. Aliisoma, akapitisha kidole juu yake. Akaniambia kwa sauti ya kawaida, bila hasira, na ningependa angekuwa na hasira: "Mukono wako ni muzuri sana, Kambale."

Basi. Hakurudia tena jambo lile, hata siku tulipogombana juu ya mambo mengine.

Hakurudilia musimu. Alisema atarudilia, kila mwaka alisema. Balimaji balikuwa bamekwisha kula zile mbegu ao kuzichanganya, kuna mahali njia zilikuwa zimefungwa, ulikuwa unaanza shule, mimi mushahara ulikuwa unakuja ukitaka. Akaanza kuuza maharagi sokoni. Ulimkuta hapo, ndiyo mama unayemukumbuka, wa sokoni, mucheshi, anayepima kwa kopo lililojaa mpaka linamwagika. Mais kuna kitu haukukijua, wala tantine hakijui. Ndani ya mistari ile kulikuwa na mbegu moja, iliyotoka kwa mumoja wa bamama bazee ba Musienene, ambayo haikuoza. Masika alikuwa na uhakika aliiona. Aliiandika. Mais mustari upi, shamba la nani, hilo alikuwa ameliachia karatasi, juu karatasi ndiyo kazi yake kukumbuka. Na kwenye kaye yangu nzuri, pale, mimi nilikuwa nimechagua namba moja kati ya mbili.

Kila musimu mizizi ilipooza, nilimuona kule sokoni akifungua magunia ya batu, anachukua punje, anazigeuza kwenye kiganja, anauliza: "Hii inatoka wapi, mama? Kwenu haikuoza?" Bauzaji balidhani anatafuta bei. Alitafuta hivyo mpaka maradi ilipomulaza hakuinuka tena, na ukabaki na mimi, ukiwa ungali unavaa uniforme ya shule. Sijui kama ulichagua kusoma mizizi ya maharagi juu yake, ao ni damu tu. Sikukuuliza. Naogopa jibu lolote, la ndiyo na la hapana.

Sasa nijibu ulizo lako. Mimi mashini sizijui, mais kaye nazijua, nimelipa.

Ile ya kwanza, hapana, Kavira. Hata kama ni nzuri, hata kama bote kule labo bataipenda. Kaye inayofuta bila kuacha alama ni mimi, baba yako, na bik yangu ya bluu. Siku mutu atasimama mbele yako na kuuliza "hakuna siku ulikosea?", nataka uweze kufungua na kusema: nilikosea hapa, saa hii, nikaona kosa kesho yake, nikaliandika chini, na jina langu liko pale. Hautakuwa na haja ya kugeuka kutafuta mutu nyuma ya sale. Ile ya pili inafanana na polisi, ndiyo. Usiku utakapokuwa umechoka utaichukia. Ichukie, mais andika ndani yake.

Ile ya tatu siikatai. Unaona, hapa Butembo nimeona bafanya biashara bameweka mali kwenye depo ya mutu, mwenye depo akasafiri na ufunguo. Mali ni yako, unaiona kupitia tundu la mulango, mais haitoke. Donc uliza zote, ile ya kulipa na ile ya bure: siku labo itashindwa kulipa, maandishi yetu yatatokaje? Yatatoka yakiwa yanasomeka kwenye mashini ingine, pamoja na makosa yake na tarehe zake, ao itatoka picha tupu? Na siku wewe utamaliza na kwenda, kazi yako inabaki kwa nani? Wakikujibu kwa maneno matamu bila kukuonyesha, usiamini. Jaribu kuyatoa wewe mwenyewe, wakati wangali wanakupenda kama muteja.

Kisha kuna jambo la réseau, mutandao wa simu. Uliniambia utarudi kuchukua mizizi huku kwetu. Huko Musienene, ukishuka kwenye bonde, telefone inakuwa tochi tu. Kaye ikikataa kuandika mpaka réseau ije, utafanya nini? Najua utafanya nini. Utatoa karatasi mufukoni, utaandika, na jioni ukiwa nyumbani utaingiza kwenye mashini vizuri, utaruka lile lisilosomeka, utasahihisha lile linaloshangaza. Unaona? Umekwisha kufanya au propre, na hakuna aliyekufundisha vibaya isipokuwa uchovu. Tafuta ile ambayo inapokea pale pale shambani, na picha ya muzizi pamoja na udongo wake, halafu inasubiri réseau yenyewe.

La mwisho ni gumu kuliko yote, na hili tantine hakukusimulia juu sikumuambia.

Wakati wa kazi ile, mama yako alikuwa ameniandalia karatasi moja ingine. Alikuwa amechora njia za mashamba, ya Musienene na ya upande wa Beni ambako alikuwa ameanza mistari michache. Njia hii, muto ule, nyumba ya papa Kakule, shamba lake nyuma ya nyumba, anaamka saa gani kwenda kule. Alinituma niipeleke Beni kwa rafiki yake waliyesoma pamoja. Aliniambia nitoe majina mbele ya kusafiri. Mimi niliona inapendeza vile ilivyo, majina yote nimemuandikia kwa herufi zangu. Nikaiweka mufukoni.

Kwenye barrière, kizuizi cha njiani cha wakati wa vita, wakanipekua. Mwenye silaha aliikunjua ile karatasi, akaiangalia sana. "Nani atindi yo?" akauliza kwa Lingala, nani alikutuma. Nikasema ni maharagi. Neno maharagi halijawahi kusikika jinga kama siku ile. Nilikaa chini kwenye vumbi mpaka jua likashuka, halafu wakaniachia. Karatasi ikabaki kwao.

Nyuma ya siku nyingi, batu bengine, si bale, balifika kwa papa Kakule bakamuuliza juu ya njia zake. Hawakumugusa. Mais aliacha shamba lake na nyumba yake, akahama na jamaa lote, na mpaka leo hakurudi kulima pale. Pengine ni karatasi yangu. Pengine ni vita tu, haikuhitaji karatasi ya mutu. Mpaka leo sijui, na kutokujua huko ndiko kunaniamsha.

Donc ukiandika juu ya balimaji betu, jina liwe pembeni, na alama ya pahali iwe pembeni, kwa ufunguo wake, batu babili ao batatu tu baweze kufungua. Ndani ya kaye weka alama tu. Uliza hizo kaye zako: nani anaweza kuona nini, na nani alifungua lini. Rafiki zako wa kule wataona unazidisha. Wao, shamba likiandikwa kwenye karta, ile ramani, hakuna kinachotokea. Waelezee bila kukasirika. Na kama moja kati ya hizo tatu haiwezi kuficha jina la papa Kakule, iache, hata kama ndiyo hii ya pili ninayokusifia. Utakuwa unachagulia labo nzima, na pia batu ambao hawatajua hata siku moja kwamba ulichagua.

Nasikia munacheka tena. Tantine ameshinda, samaki inakwenda.

Sasa kuna neno uliniambia leo asubuhi tulipokuwa tunafunga kamba ya valise. Haukuniangalia, ulikuwa umekandamiza fundo na kidole nivute. Ulisema: "Papa, hizi kaye zote ziko na nafasi ya musomaji. Mutu haandiki, anasoma tu. Nitaomba wakuweke. Utafungua kwenye telefone yako, utaona kila siku nilifanya nini. Utakuwa kama uko kule." Nikakujibu "tutaona", nikavuta kamba.

Mama, hauwezi kujua namna nilivyofurahi. Siku nzima nimetembea na neno lile. Nimekwisha kujiona asubuhi, na chai, nafungua, nasoma: Kavira ameosha mizizi, Kavira ameweka kwenye sahani za labo, Kavira ameona kitu. Nyumba hii haingekuwa tupu. Na wewe ulilitoa juu ya hilo, nalijua, uliona sura yangu.

Usiniweke.

Najijua. Nitafungua asubuhi, nitaona umekata mustari, na nitakuonea haya kama nilivyomuonea mama yako. Nitavumilia siku moja, siku mbili. Ya tatu nitakupigia: "Kavira, pale jana, hauoni ingekuwa vizuri…" Na hata nikikaa kimya, wewe utajua niko nasoma. Mutoto akijua baba yake anasoma, anasafisha. Utaanza kuniandikia mimi. Utaficha siku mbaya ili nisiwe na wasiwasi, na ile siku mbaya pengine ndiyo yenye mbegu ndani yake. Mama yako alikuwa na mutu mumoja wa kumsomea kazi yake kwa mapendo, na aliharibikiwa.

Wakikuuliza jina la musomaji, acha pale patupu. Siku majaribio yataharibika, andika yameharibika, uyaache vile, usiku upite. Mimi hapa sitajua. Ukinipigia simu, nitakuuliza kama umekula, na ukisema kazi inakwenda vizuri nitasema aksanti kwa Mungu, hata kama sauti yako inasema mengine.

Nitakaa bila kujua, Kavira. Nitajifunza.

Baba yako,
Kambale